Fiksi ya Steelport

Mtu wangu alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, suti ya zambarau, miwani myeusi, akisubiri basi. Si kulipanda. Lilipofika akajirusha mbele yake, akapaa, akadunda kwenye paa la teksi, akaburuzika kwenye lami mpaka upande wa pili, na muda wote huo dola zilikuwa zikijihesabu kwenye skrini. Akainuka. Nikaanza kumtafutia lori.

Mpwa wangu, ambaye yuko chuo na huja kwangu wikiendi kwa ajili ya wali, alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi akiangalia.

"Mjomba, kwani huyu anafanya kazi gani?"

"Anawaibia watu wa bima."

Akanyamaza, akaangalia lori likinigonga. Kisha akauliza: "Lakini Mjomba, si GTA ipo?"

GTA, yaani Grand Theft Auto, ndiyo gemu ya ujambazi inayojulikana na kila mtu. Hakuuliza kwa kejeli, ndiyo maana swali likanikaa. Nilimjibu kwamba laptopu yangu ni ya zamani, haibebi gemu nzito. Ni kweli. Ila ningekuwa na mashine ya kubeba chochote, jioni ile bado ningekuwa Steelport najirusha mbele ya malori, na wiki kadhaa sasa najiuliza kwa nini.

Gemu yenyewe ni Saints Row: The Third, ya genge la majambazi ndani ya mji wa kubuni uitwao Steelport. Ilitoka Novemba 2011. Kwa umri wa gemu, ni bibi kizee.

Nusu saa

Wengi wa rika langu hatukukutana na GTA: San Andreas nyumbani. Tulikutana nayo kibandani. Televisheni za chogo zimepangwa ukutani, PlayStation 2 zimewekewa feni, pedi zimezungushiwa selotepu, na kaka mmoja mwenye daftari anaandika nani kaanza saa ngapi. Unalipia nusu saa. Memori kadi ama haikuwepo, ama ilikuwepo na kila mtu anafuta ya mwenzake.

Sasa fikiria hali hiyo ilivyoibadilisha gemu ile. Rockstar North, kule Edinburgh, walikuwa wamekaa chini wakaandika hadithi ndefu ya mtu anayerudi Los Santos kumzika mama yake, akakuta mtaa umeoza, polisi wanamtumia, na rafiki wa utotoni amewauza. Sisi hatukuijua hadithi hiyo. Kiingereza cha mitaa ya Los Angeles kilitupita kushoto, na hata tungekielewa, nani angeteketeza nusu saa ya kulipia kumsindikiza mhusika aitwaye Ryder kwenye duka la piza?

Tulichokijua ni kodi: vitufe vya pedi unavyobonyeza kwa mpangilio wa siri, gemu ikakupa unachotaka.

R1, R2, L1, R2, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu: rundo la silaha. Kulikuwa na kodi ya kifaru, kodi ya jetipaki, kodi ya kufuta nyota za kutafutwa na polisi. Mwenye kodi kichwani aliheshimika kuliko mwenye pesa, na wengine walitembea na karatasi ya daftari iliyokunjwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Ukikaa kwenye kiti hutafuti misheni. Unaita kifaru, unajaza nyota, helikopta zinakuja, jeshi linakuja, unakufa, na nyuma yako mtu anasema muda wako umeisha.

Nilikuja kuifuata hadithi ya CJ, yule anayerudi kumzika mama yake, nikiwa mtu mzima. Nilishangaa. Kumbe ni tanzia! Kuna kundi kubwa la watu Afrika Mashariki wanaokumbuka mojawapo ya gemu zenye huzuni kubwa kama kichekesho cha vifaru.

Nilipoikuta Saints Row: The Third, kwa hiyo, sikuona kitu kigeni. Niliona kibanda. Watu wa studio inayoitwa Volition, mji wa Champaign, jimbo la Illinois, ambao nina hakika hawakuwahi kusikia habari za kaka yetu mwenye daftari, walikuwa wametengeneza San Andreas ya kodi, na kodi wakazificha ndani ya gemu yenyewe.

Benki inaning'inia

Tazama inavyoanza.

Genge la Saints linaingia benki kuiba. Wamevaa vichwa vikubwa vya mpira vyenye sura ya mwenzao, Johnny Gat, na Gat mwenyewe yumo kavaa kichwa chake mwenyewe. Wateja hawakimbii. Wanaomba saini, kwa sababu Saints sasa ni mastaa: wana duka la nguo, wana kinywaji chao cha kuongeza nguvu. Wahudumu wa kaunta wanatoa bunduki. Chumba cha hazina kinang'olewa kwa helikopta, nawe uko juu yake ukipigana na polisi.

Kisha mnakamatwa, mnajikuta kwenye ndege ya kundi pinzani, Syndicate, mnatoroka kwa kudondoka. Unamdaka Shaundi, dada mmoja wa Saints, hewani. Ndege inageuka, inakuja kuwagonga. Unamwachia Shaundi, unapasua kioo cha rubani kwa risasi, unaingia mbele, unatokea nyuma, unamdaka tena.

Hujagusa bado mji wa Steelport. Hayo ni maamkizi tu.

Gemu nyingi za aina hii huanza kwa kukunyima. Wewe ni maskini, gari lako bovu, bunduki yako ndogo, ukivumilia saa ishirini tutakupa helikopta. GTA IV, ya mwaka 2008, ilifika mbali zaidi: Niko Bellic anashuka melini kutoka Ulaya Mashariki, magari ni mazito, na binamu yake Roman anapiga simu akitaka waende kucheza boling wakati wewe unafukuzwa. Ninaiheshimu gemu ile. Ni kazi ya watu waliouchunguza mji kwa makini. Lakini imetengenezewa mtu mwenye jioni nzima na umeme usiokatika.

Steelport haikunyimi. Ukitaka gari hufungui mlango: unakimbia, unabonyeza, mtu wako anaruka na kupita kwenye kioo cha mbele miguu ikitangulia, na dereva anatokea upande wa pili. Kuendesha upande usio wako unalipwa. Kukosa kugongana na gari kwa kidole kimoja unalipwa. Malipo yenyewe yanaitwa heshima, na heshima hiyo ndiyo inayokufungulia uwezo mpya. Hata njia kati ya kazi moja na nyingine, ile ambayo kwenye gemu nyingine ni foleni tu, hapa ni sehemu ya mchezo.

Nusu saa Steelport ni nusu saa kamili.

Ningeweza kuishia hapa nikamjibu mpwa wangu. Lakini jibu hilo lina tundu. Kama utamu ni kupewa kila kitu haraka, basi gemu inayokupa zaidi ingekuwa tamu zaidi. Na nilishaicheza hiyo.

Kila kitu kilipowezekana

Saints Row IV ilitoka Agosti 2013. Kiongozi wa Saints sasa ni rais wa Marekani. Viumbe wa anga za mbali wanavamia Ikulu, wanamfungia ndani ya Steelport ya kompyuta, na humo anapata nguvu: anakimbia kuliko gari, anaruka juu ya maghorofa, anarusha moto kwa mikono.

Siku za kwanza nilicheka kama mwehu. Halafu nikagundua jambo. Nilikuwa sijaingia kwenye gari tangu nipate mbio zile. Gari la nini? Redio imekaa humo ndani, magereji yamejaa, rangi za magurudumu zinakusubiri, na mimi napita juu ya paa zote nikifukuza vimulimuli vya bluu vya kuongeza nguvu. Mji mzima ukawa ngazi.

The Third yenyewe ina ugonjwa huo, ila umewekwa mwishoni. Ukifika daraja la 50 unaweza kununua kinga: risasi hazikuumizi, moto haukuumizi, kuanguka hakukuumizi, wala risasi haziishi. Ukishazinunua zote umebaki na mji usioweza kukufanya chochote. Nilizinunua. Nikasimama katikati ya barabara nikapigwa kwa bunduki na mabomu na kila mtu mwenye silaha, na nikahisi njaa. Nikazima, nikaenda kukaanga mayai.

Basi kupewa tu hakutoshi.

Mpiga fiksi hacheki

Kila kijiwe kina mpiga fiksi wake. Wetu alikuwa fundi viatu, na alikuwa na habari ya safari ya lori kutoka Tunduma ambayo kila ikisimuliwa ilipata mnyama mpya. Tulikuwa tunajua ni uongo. Yeye alijua kwamba tunajua. Lakini hakuwahi kucheka. Simba alipofungua mlango wa lori na kupanda mbele, fundi alitaja rangi ya kiti. Na ndani ya habari ile yeye na utingo wake waliogopa kweli, wakagombana kweli nani ashuke. Siku alipojaribu mwingine kuisimulia, huku anatukonyeza na kusema "sasa sikilizeni uongo huu," haikwenda popote.

Nadhani The Third inaijua siri hiyo.

Mambo yanayotokea ni ya kichaa. Kuna kipindi cha televisheni cha Profesa Genki, mtu mwenye kichwa cha paka, ambamo unapita kwenye vyumba vya mitego ukiwapiga risasi watu waliovaa kama wanyama. Kuna Zimos, kuwadi anayesema kila neno kwa sauti ya roboti wa muziki. Meya wa mji ni Burt Reynolds, mwigizaji, kwa jina na sauti yake. Lakini Saints wenyewe hawajui kwamba wako kwenye kichekesho. Pierce amechoka kwamba mipango ni yake na sifa ni za wengine. Shaundi anabeba hasira ya Gat, aliyebaki kwenye ndege na kuhesabiwa amekufa, na hasira hiyo haiishi kwa misheni moja. Msafara wa mazishi ya Gat unavamiwa darajani, na hakuna anayetania.

Halafu kuna kipande kidogo ambacho hakina kazi yoyote kwenye hadithi. Uko garini na Pierce, mnaelekea mahali. Wimbo unaanza redioni. Mtu wako na Pierce wanaanza kuimba. Tena vibaya. Basi. Wawili wanaoongoza genge la wauaji, wanaimba kwenye foleni.

Kipande hicho ndicho kilichonifanya nikae.

Na ndicho kinachonieleza kwa nini ile ya nne, pamoja na vurugu zake zote za magari yasiyo na kazi, haikunikimbiza kabisa. Walirudia kuimba. Wakamrudisha na Gat. Uongo uliongezeka, na watu ndani yake wakaendelea kupendana bila kucheka.

Pale fiksi inaponikwama

Kuna sehemu za gemu hii sizitetei.

Kuna misheni ya meli. Unaiteka, ndani yake kuna makontena, ndani ya makontena kuna wanawake wanaosafirishwa kwa ajili ya biashara ya ngono. Gemu inakuuliza: utawabakiza mjini wamfanyie kazi Zimos, au utawauza tena kwa waliowaleta? Kila upande una malipo yake. Kuwaachia huru hakumo kwenye orodha.

Hapo mpiga fiksi amecheka. Amenikonyeza, anataka nicheke naye, na kitu chenyewe si cha kubuni. Kuna mabinti waliotoka kwetu wakiahidiwa kazi za ndani ng'ambo, na wakakuta mengine. Basi linalonigonga Steelport halipo duniani. Kontena lipo.

Kinachonichanganya ni kwamba gemu hiyohiyo inakuruhusu kuwa kiongozi wa umbo lolote: mwanamke mnene wa miaka sitini mwenye mvi, ukitaka, na kuna sauti saba za kuchagua, moja ya zombi. Hakuna mtu kwenye hadithi atakayeshangaa. Kila mtu atakufuata, atakuogopa, ataimba nawe garini. Mwaka 2011 gemu chache za namna hiyo zilikuwa na ukarimu huo. Mkono uleule ulioandika hilo ndio ulioandika kontena. Sijui kuviunganisha na sijaribu. Misheni ile naipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya jalala.

Kuhusu ujambazi kwa jumla, nimejiuliza pia. Ninaishi Dar es Salaam, jiji lililowahi kulala na hofu ya Panya Road, magenge ya vijana waporaji. Ninawajua watu walioporwa kwa panga. Iweje jioni nakaa kucheza ujambazi na kucheka?

Jibu nililolipata si la kujivunia sana, lakini nadhani ni la kweli: Steelport haina mtu mwenye shida. Hakuna anayeiba kwa sababu hajala. Saints walikwisha kuwa matajiri kabla hadithi haijaanza. Wanapora benki wakiwa na duka lao la nguo! Ujambazi wao umenyonywa uhitaji wote, na kilichobaki ni vazi tu, kama upanga wa mchezaji wa jukwaani. San Andreas ndiyo iliyokuwa karibu na Panya Road, ikiwa na mitaa iliyoachwa, vijana wasio na kazi, polisi anayemiliki wahalifu. Ile ndiyo iliyostahili kututia baridi. Nasi tukaibandika kodi ya kifaru.

Champaign

Studio haipo tena.

Kampuni ya THQ, iliyokuwa ikiwamiliki, iliomba kufilisiwa Desemba 2012, na Januari 2013 mali zake zikapigwa mnada. Volition ikanunuliwa na Koch Media kwa takriban dola milioni 22. Koch yenyewe baadaye ikamezwa na kundi la Uswidi lililokuja kuitwa Embracer, lililokuwa likinunua studio kila uchao. Agosti 2022 wakatoa Saints Row mpya, inayoanza upya: mji mwingine, Santo Ileso, jangwani, na vijana wanne wanaoishi nyumba moja wakihangaika na kodi ya nyumba na madeni ya masomo. Ilitoka na kasoro nyingi za kiufundi. Tarehe 31 Agosti 2023, miaka thelathini tangu kampuni iliyowazaa kuanzishwa, Volition ikafungwa katika wimbi la Embracer kubana matumizi.

Watu wengi wamesema ile ya 2022 ilikufa kwa sababu ya kasoro. Mimi nadhani ingekufa hata ikiwa safi. Vijana wale walikuwa na uhitaji, kwa hiyo ujambazi wao ulianza kuuma kidogo. Kisha hadithi ikaogopa maumivu hayo, ikarukia utani. Kisha ikauonea haya utani. Kila mara nilipoanza kuamini, mtu alinikonyeza. Walikuwa na mji mzuri kuliko Steelport, na hilo nalisema kwa haki. Steelport, tukiutazama bila mapenzi, ni maghorofa ya kijivu na madaraja. Rangi yote imo kwa watu.

Sanamu au uwanja wa ndege

Karibu na mwisho wa The Third, gemu inakusimamisha. Killbane, mpiga mieleka aliyechukua uongozi wa Syndicate, anaelekea uwanja wa ndege kutoroka. Wakati huohuo Shaundi na wenzake wamefungwa kwenye sanamu kubwa ya kisiwani iliyotegwa mabomu. Huwezi kufika kote.

Nimezicheza njia zote mbili. Ukimfuata Killbane unapata kisasi chako, na baada yake vita ndani ya meli ya kijeshi inayopaa angani, na Steelport inajitangaza kuwa nchi huru. Fataki nyingi kuliko zote. Shaundi anakufa.

Ukienda kwenye sanamu, wimbo mmoja wa miaka ya 1980 unapasuka, ule wa mwanamke anayemsubiri shujaa wake, nawe unakanyaga mafuta mpaka mwisho ukishindana na saa. Unawaokoa. Kisha unajikuta kwenye sayari ya Mars, umevaa vazi la anga, ukimfukuza Killbane huko, mpaka mtu fulani anapiga kelele kwamba simamisheni kamera, na kumbe mnarekodi filamu. Mbaya mwenyewe hajulikani alipo. Hakuna kilichomalizika.

Kwa kipimo cha kutia chumvi, njia ya kwanza ndiyo inayopaswa kushinda: ina meli ya angani, ina nchi mpya. Wikiendi iliyofuata mpwa wangu alikuwepo nilipofika hapo tena, na yeye ndiye aliyenishika bega akasema, "Mjomba, geuza, geuza, huyo dada atakufa," ilhali hajui hata jina la Shaundi.

Nilikuwa nimeshageuza.